Kalamu Nyekundu ya Mashine

Kila aliyesoma katika skuli za visiwa vyetu analikumbuka daftari la insha. Lilikusanywa na kiranja, likapelekwa chumba cha walimu, likakaa huko siku kumi au zaidi, na siku liliporudi lilikuwa limetapakaa wino mwekundu: duara hapa, mstari pale, pembeni neno moja la amri, "Tahajia!", na chini kabisa alama, 11 kati ya 20. Mwenye daftari aliitazama alama, akamchungulia jirani yake kapata ngapi, kisha akalifunga. Wiki iliyofuata alifungua ukurasa mpya, akaandika insha nyingine juu ya jambo jingine, na makosa yale yale akaingia nayo.

Hivi sasa wino ule umehama daftarini. Umeingia katika kompyuta na katika simu za mkononi, na haungoji siku kumi. Mwanafunzi hajamaliza sentensi, mstari mwekundu umekwishapita chini ya neno. Hajafika kwenye nukta, mashine imekwishampendekezea neno jingine. Zipo programu zinazosahihisha tahajia peke yake, zipo zinazosahihisha sarufi, zipo zinazotoa alama kwa insha nzima pamoja na maelezo, na tangu Novemba 2022, ilipotolewa kwa umma programu iitwayo ChatGPT, zipo zinazoiandika upya insha yote kwa kuombwa tu. Wanafunzi wa lugha hawangoji ruhusa ya mtu kuzitumia. Na hapa kwetu mwanafunzi wa lugha si mtu wa nadra, kwani mtoto wa visiwa hivi anakutana na Kiarabu chuoni, Kiswahili nyumbani na skuli, na Kiingereza katika masomo ya sekondari.

Hatuandiki makala haya kuilaani mashine. Tunayaandika kwa sababu tunaamini kwamba maofisa wetu wa elimu, ikiwa hawajaletewa bado, wataletewa mezani mapendekezo ya kununua programu za namna hiyo kwa ajili ya skuli, na mapendekezo hayo yatasema kwamba mashine husahihisha insha mia katika muda wa mtu kunywa kikombe cha kahawa. Hayo yatakuwa kweli tupu. Lakini kasi ya kusahihisha ni jambo moja, na manufaa yake kwa mwandishi ni jambo jingine. Linalotupasa kuuliza ni hili: mashine ikishasahihisha, mwanafunzi hufanya nini?

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1966 Mmarekani mmoja, Ellis Page, aliyewahi kuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, alitangaza kwamba kompyuta inaweza kutoa alama za insha. Kompyuta za siku zile zilijaza chumba, na maandishi ilibidi yapigwe kwanza katika kadi za kutobolewa. Mashine yake haikusoma kitu. Ilihesabu: urefu wa insha, idadi ya mikato, wingi wa maneno yasiyo ya kawaida, na mengine ya jinsi hiyo, kisha ikalinganisha hesabu hizo na alama ambazo walimu walikuwa wametoa. Ikaonekana kwamba alama zake zinakaribiana na za walimu. Nia ya Page haikuwa mbaya. Alitaka kumpunguzia mwalimu mzigo wa madaftari.

Mzigo huo sisi twaujua. Natukadirie darasa la wanafunzi 60, na mwalimu mwenye moyo anayetumia dakika kumi tu kwa kila insha. Hizo ni dakika 600, yaani saa kumi kamili za kusoma bila ya kuinua kichwa. Akiwa na madarasa mawili, ni saa ishirini, na bado hajatayarisha somo la kesho, hajasimamia mchezo, hajenda kuzika wala kuuguza. Katika hali hiyo mwalimu hutoa insha moja kwa muhula badala ya nane, ama huzisahihisha kwa kupitisha macho. Hatumlaumu. Lakini mtoto aliyeandika insha moja kwa muhula hajajifunza kuandika, kama vile aliyeingia baharini mara moja kwa mwaka hajajifunza kuogelea.

Kutoka kwa Page hadi leo mashine zimeendelea sana. Kufikia mwaka 1999 kompyuta ilikuwa ikitoa alama, sambamba na msomaji binadamu, katika mtihani wa Marekani wa kuingilia vyuo vya biashara. Baada ya hapo zilifuata programu zilizotengenezwa hasa kwa ajili ya madarasa, si mitihani, na humo ndimo ilimozaliwa ahadi kubwa: kwamba mwanafunzi ataandika, atasahihishwa papo hapo, ataandika tena, atasahihishwa tena, hata insha yake itakate.

Ahadi hiyo ilipimwa. Mwaka 2004 mtafiti Yigal Attali alizichambua insha zaidi ya elfu 33 ambazo wanafunzi wa Marekani walikuwa wameziingiza katika programu mojawapo, iitwayo Criterion. Waliorudia kuandika walipunguza makosa yao kweli, na alama zao zikapanda. Lakini takriban insha saba katika kila kumi ziliingizwa mara moja tu. Mwanafunzi aliandika, akatazama alama, akaondoka. Daftari lilikuwa limebadilika. Mwenye daftari ni yule yule.

Sasa tuseme mwanafunzi wetu ni katika wale watatu waliorudia. Amerudia nini? Hapa yafaa twende polepole, na tutumie mfano wa kubuni.

Mwanafunzi wa kidato cha pili, mtoto wa upande wa Makunduchi, ameambiwa aandike kwa Kiingereza juu ya mtu wa nyumbani kwao. Anaandika hivi, kwa maana: bibi yangu anapika pweza wa nazi, pweza ni mtamu, sote nyumbani tunampenda pweza, bibi yangu ni mtu mwema. Kitenzi kimoja kimekosa ile herufi ya mwisho anayodai mtendaji wa nafsi ya tatu. Neno la nazi limeandikwa vibaya. Baina ya sentensi mbili pamewekwa mkato pahala pa nukta. Mashine inaona yote matatu kwa mara moja. Mtoto anabofya, anabofya, anabofya. Mistari myekundu inatoweka, na insha iko safi. Nayo ni insha ile ile isiyosema kitu.

Mwalimu anapoisoma insha hiyo huenda asiguse hata kosa moja. Huenda akauliza tu: pweza katoka wapi? Na swali hilo dogo likafungua mlango. Kwani bibi huyo hapiki tu. Ndiye anayekwenda pwani wakati wa bamvua, maji yakishatoka hata mwamba ukawa wazi, na kijiti chake mkononi. Ndiye anayejua mashimo, maana mama yake alimwonyesha. Ndiye anayempiga pweza juu ya jiwe mpaka alainike. Mkubwa humwuza, na mdogo ndiye anayeingia chunguni. Na kama mwaka huu alirudi siku mbili na kikapu kitupu, basi hiyo ndiyo insha, na mtoto hakujua kwamba anayo.

Lakini tazameni linalofuata. Ili aandike hayo, mtoto huyo anahitaji wakati uliopita, anahitaji sentensi za masharti, anahitaji neno la kuelezea maji kupwa katika lugha ambayo hajaizoea. Atakosea. Insha yake ya pili, iliyo bora mara kumi kuliko ya kwanza, itakuwa na mistari myekundu mara tatu ya ile ya kwanza. Kwa hesabu ya mashine, amerudi nyuma. Na mtoto si mjinga. Akiona kwamba sentensi ndefu humletea wekundu na sentensi fupi humletea usafi, ataifuta ile ndefu. Atamwacha bibi jikoni na chungu chake, salama.

Hilo la kufuta ndilo linalotutia wasiwasi kuliko yote, na si la kubuni. Mwaka 1996 mtaalamu John Truscott aliandika kwamba kusahihisha sarufi katika insha za wanaojifunza lugha ya pili hakuna faida, na kunaweza kuwa na madhara, mojawapo likiwa ni kwamba mwanafunzi hujikunja, akaandika kwa ufupi na kwa wepesi ili asiumbuliwe. Dana Ferris alimjibu mwaka 1999 kwamba amevuka mpaka: wapo wanafunzi wanaosaidiwa na masahihisho yaliyo wazi na yaliyochaguliwa vizuri, na wao wenyewe wanayataka. Mjadala huo umeendelea tangu hapo, nasi kwa upande wetu twaona Ferris yuko karibu zaidi na ukweli wa darasani. Lakini onyo la Truscott latufaa, kwa sababu alilitoa juu ya mwalimu anayesahihisha mara moja kwa wiki mbili. Mashine husahihisha kila baada ya neno.

Tusimsingizie mashine dhambi ambayo si yake, hata hivyo. Maradhi haya yalikuwapo kabla yake. Mwaka 1980 Nancy Sommers alichapisha uchunguzi wake juu ya wanafunzi 20 wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu na waandishi wazoefu 20, miongoni mwao waandishi wa magazeti, wahariri na wanazuoni. Kila mmoja aliandika insha tatu, na kila insha akairudia mara mbili. Kwa wanafunzi, kurudia kulikuwa ni kubadilisha maneno: hili limerudiwa mno, hili si zuri, tutie jingine. Kwa wazoefu, kurudia kulikuwa ni kutafuta umbo la hoja yenyewe, na kujiuliza msomaji atalipokeaje. Waliondoa, waliongeza, walihamisha, na pengine waligundua katikati ya kazi kwamba walilokuwa wakitaka kulisema silo.

Na walimu je? Miaka mitano baadaye Vivian Zamel alichunguza namna walimu wa Kiingereza kwa wageni walivyokuwa wakizisahihisha insha, akakuta kwamba wengi waliiendea rasimu ya kwanza kana kwamba ni kazi iliyokwisha: wanasahihisha herufi na vituo, na wanaandika pembeni maneno yasiyoeleweka. Yaani kabla ya mashine kufanya kazi ya mwalimu, mwalimu alikuwa akifanya kazi ya mashine. Sisi tuliopewa neno "Tahajia!" pembeni mwa daftari hatuhitaji ushahidi zaidi.

Kwa hiyo mashine imekuja kumkuta mwanafunzi aliyekwisha kuamini kwamba kuandika upya ni kufuta madoa, ikampa kitambaa cha haraka zaidi.

Upo, hata hivyo, upande wa neema, na si haki kuupita. Mashine haichoki wala haina uso wa kukunja. Mwanafunzi mwenye haya, anayeogopa kupeleka daftari lake kwa sababu darasa zima litasikia, huithubutia mashine mara tano usiku mmoja. Kosa linaloonyeshwa wakati wazo lingali moto kichwani hufahamika upesi kuliko lile linaloonyeshwa baada ya siku kumi. Na kwa mwalimu, ni afueni kubwa kupokea insha ambayo herufi zake zimekwisha kunyooka, ili macho yake yaende kwenye maana. Swali ni nani anashika usukani.

Mfano mzuri tunaupata kwa wanakisiwa wenzetu, Taiwan. Mwaka 2008 watafiti Chen na Cheng walieleza habari za madarasa matatu ya Kiingereza huko, yote yakitumia programu moja, iitwayo MY Access. Programu ni ile ile, lakini walimu watatu waliitumia kwa njia tatu, na matokeo yakawa matatu. Darasa lililoridhika zaidi ni lile ambalo mashine ilitumika katika hatua za mwanzo tu, kutakasa rasimu, kisha insha ikasomwa na mwalimu na wanafunzi wenzake. Pale mashine ilipoachwa itawale karibu peke yake, wanafunzi walikereka: maelezo yake yalikuwa ya jumla, yanarudia maneno yale yale kwa kila mtu, na hayamwambii mwandishi kama hoja yake imeeleweka.

Programu hiyo hiyo tunakutana nayo tena mwaka 2014, safari hii katika kisa cha kuchekesha. Les Perelman wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, akisaidiwa na wanafunzi, alitengeneza mashine ya kuandika upuuzi. Unaipa neno moja, au mawili, au matatu, nayo kwa nukta chache hukutolea insha ndefu yenye maneno makubwa na sentensi zilizonyooka kisarufi, isiyo na maana hata chembe. Insha moja ya namna hiyo, juu ya faragha, ilipoingizwa katika MY Access ilipata alama 5.4 kati ya 6, na ikasifiwa kwa kushika mada na kwa maana yake. Mashine moja iliandika pasipo kujua, nyingine ikasoma pasipo kujua, zikaafikiana vizuri sana.

Waheshimiwa wenye dhamana ya mitihani yawapasa kuangalia Australia. Huko palikuwa na mpango wa kuziachia kompyuta kazi ya kusahihisha insha katika mtihani wa taifa wa kupima kusoma, kuandika na hesabu, uitwao NAPLAN. Chama cha walimu cha New South Wales kilimwomba Perelman achunguze, naye akapinga kwa nguvu. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2018 mawaziri wa elimu wa majimbo na wa serikali kuu walikuwa wamekwisha kuukataa mpango huo. Nchi yenye fedha na mitambo kuliko sisi iliona bora insha ya mtoto isomwe na mtu.

Hadi hapa tumesema juu ya Kiingereza, lugha ambayo mashine hizi zililelewa nayo. Kwa Kiswahili mambo yana ugumu wake.

Kusahihisha tahajia ya Kiingereza kunaweza kuanza na orodha ya maneno. Kiswahili hakikubali. Kitenzi chetu kimoja hubeba mtendaji, wakati, mtendwa na kauli, na kutokana na mzizi wa "andika" peke yake hutoka maumbo maelfu: hawakutuandikia, atakayewaandikieni, yasiyoandikika. Hakuna orodha itakayoyabeba. Ndiyo sababu Arvi Hurskainen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Helsinki, tangu miaka ya 1980, walishika njia ya kuifundisha kompyuta kulipasua neno la Kiswahili vipande vipande na kukitambua kila kipande. Ni kazi ya heshima, na inafaa tukumbuke kwamba ilifanyika Ufini.

Lakini hata mashine inayojua kupasua maneno ina upofu wake. Mwanafunzi aliyekusudia kuandika "dawa hii itakufaa" akaangusha herufi moja, ameandika "dawa hii itakufa". Neno ni sahihi, upatanisho ni sahihi, na mkaguzi wa tahajia hulipitisha. Mgonjwa hubaki akiisikitikia dawa. Programu za siku hizi, zinazotazama maneno yote ya jirani kwa pamoja, huenda zikalinasa kosa hilo. Nazo zina lao. Hujifunza kwa maandishi yaliyokusanywa kutoka mitandaoni, na maandishi ya Kiswahili yaliyoko huko ni kidogo mno yakipimwa na ya Kiingereza. Ya kwetu visiwani ni kidogo zaidi.

Matokeo yake ni nini? Chukueni neno "kamusi". Mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Mwaka 2010 Baraza la Kiswahili la Zanzibar likatoa Kamusi la Kiswahili Fasaha. Hiyo "ya" na hiyo "la" zimo juu ya majalada, kwa herufi kubwa, na kila moja imewekwa na wataalamu waliojua wanachokifanya. Sasa mtoto wa Wete akiandika "kamusi langu", mashine iliyolishwa upande mmoja itampigia mstari. Akiandika "skuli", huenda ikamshauri aandike "shule". Hatusemi kwamba moja ni bora kuliko nyingine. Tunasema kwamba mwalimu aliyekulia hapa anajua tofauti ya kosa na lahaja, na tofauti ya lahaja na lugha ya mtihani, na anaweza kumweleza mtoto yote matatu. Mstari mwekundu una neno moja tu: hapana. Ni kinyume kidogo kwamba haya yawafike watoto wa Unguja, ambayo lugha yake ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Na mgeni anayekuja kujifunza Kiswahili hapa, katika Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni ambayo leo imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, yuko hatarini zaidi kuliko mtoto wetu. Mtoto akipigiwa mstari chini ya neno la bibi yake, angalau anaweza kumwuliza bibi. Mgeni ataifuata mashine, kwani hana pa kupimia.

Tumebakisha lile jipya kuliko yote, mashine isiyopiga mstari bali inayoandika upya. Kwa hakika hii imelibadilisha swali. Zamani tuliuliza kama masahihisho yatamfanya mwanafunzi arudie kuandika. Sasa anayerudia ni mashine yenyewe, na mwanafunzi hupokea rasimu ya pili kama mtu anayepokea nguo kutoka kwa dobi. Imetakata, imekunjwa, wala mkono wake haukuloa. Ile hatua ya katikati, mtu anapoitazama sentensi yake mwenyewe na kuona kwamba haikusema alilolitaka, imerukwa. Na kwa mwenye kujifunza lugha, hatua hiyo ndiyo somo. Tunakubali kwamba mashine hiyo hiyo yaweza kuagizwa iulize maswali badala ya kutoa majibu, na mwalimu hodari anaweza kuifundisha darasa namna ya kuiagiza hivyo. Lakini tujihadhari na kudhani kwamba kijana wa miaka kumi na tano, saa nne za usiku, kazi inatakiwa kesho asubuhi, atachagua kuulizwa.

Kwa hiyo, wakati utakapofika wa kuamua, kwanza tunaiomba Wizara isiruhusu mashine pekee itoe alama ambayo hatima ya mtoto inaitegemea. Pili, na hili ndilo kubwa, saa zitakazookolewa na mashine zihesabiwe na zirudishwe kwa kusoma. Kama mwalimu wa insha 60 amepunguziwa saa tano za herufi na vituo, basi saa hizo zisipewe darasa jingine la wanafunzi 60. Zitengwe katika ratiba, ziwe vipindi vya mwalimu kukaa na mwanafunzi na rasimu yake baina yao, na mtaala uitambue rasimu ya pili kwa kuipa alama zake, ili mtoto aliyethubutu kuongeza sentensi yenye makosa asiadhibiwe kwa kuthubutu. Bila ya hayo, tutakuwa tumenunua wino mwekundu wa bei ghali.

Jambo jingine: insha za watoto zikiingizwa katika programu za nje huwa zimekwenda nje, pamoja na majina na habari za majumbani mwao. Mkataba useme zinakaa wapi, na zinatumika kwa nini. Na kama mashine zinahitaji kujifunza Kiswahili chetu, na zinahitaji, basi Baraza la Kiswahili na Chuo Kikuu wapewe uwezo wa kukusanya maandishi ya wanafunzi wa Unguja na Pemba kwa ridhaa ya wenyewe, wayatie maelezo ya walimu, na wayatunze hapa.

Muuzaji akija na kompyuta yake kufanya maonyesho, atakuwa amekuja na insha yake ya mfano, na mashine itaisahihisha vizuri. Tunaomba ofisa mmojawapo atie mkobani daftari la mwanafunzi wa Makunduchi au wa Micheweni, lenye "skuli" yake na "bamvua" yake, aliingize hilo badala ya lile la muuzaji. Na kabla ya mtu kutia saini, zitakiwe insha kumi za rasimu ya kwanza na kumi za rasimu ya pili za wanafunzi wale wale waliokwisha kuitumia programu hiyo, ziwekwe mezani ubavu kwa ubavu, zisomwe.